Sakafu ya Mheshimiwa

"Nani aliyetengeneza sakafu hii?" daktari wa mifugo aliuliza, na Fundi, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa hana kazi nyingine duniani ila kuwawekea watu sakafu, akaangalia dari.

Kizimba kilikuwa juu ya meza. Sungura alikuwa mikononi mwa daktari, mweupe, sikio moja jeusi, amegeuzwa chali kama mtoto anayebadilishwa nepi. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alifunua manyoya ya miguu ya nyuma kwa kidole. Visigino vyote viwili vilikuwa vimenyonyoka na kuwa vyekundu, na cha kushoto kilikuwa na kidonda kibichi cha ukubwa wa kifungo cha shati.

"Tena nimekosea kuiita sakafu," daktari akasema. "Huu ni wavu wa kuku. Sungura hana soli ngumu kama mbwa. Ana ngozi na manyoya, basi. Ukimweka juu ya waya mwaka mzima, uzito wote unakaa hapa." Akagusa kisigino, na sungura akatikisa mguu. "Mzee, kwani wewe kazi yako ni nini?"

Mjukuu wa Fundi, msichana wa miaka kumi aliyesimama karibu na meza akiwa ameshika ukosi wa gauni lake kwa wasiwasi, alifungua mdomo ajibu kwa fahari. Babu yake akamuwahi.

"Fundi cherehani," akasema.

Daktari akatoa dawa ya kupaka na maelekezo. Sakafu iwe imara, isiwe na matundu. Isiteleze. Iwe laini, iwe kavu wakati wote, na isiwe na nyuzi za kung'ata, maana sungura akimeza nyuzi utumbo unaziba. Kisha akashusha sauti, kana kwamba mgonjwa angesikia. "Mrudisheni baada ya wiki mbili. Nikikuta kidonda kimefika kwenye mfupa, sitakuwa na la kufanya ila kumlaza asiamke tena."

Njiani msichana alibeba kizimba kwa mikono miwili, hakutaka kusaidiwa. Walifika kona ya pili ndipo akauliza.

"Babu, kwa nini umesema wewe ni fundi cherehani?"

"Mke mdogo," Fundi akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu azaliwe, kama babu anavyomtania mjukuu wa kike, "mwanamume akivuliwa nguo mbele za watu, anatafuta cherehani."

Msichana hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akayazuia yasidondoke mpaka walipofika nyumbani, na hilo lilimuuma Fundi kuliko wavu, kidonda na daktari vikijumlishwa pamoja.

Sungura aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu ukimletea majani hakushukuru wala kukutazama usoni, na ukichelewa alipiga mguu chini. Alikuwa mali ya msichana, lakini wazazi wake walikuwa wamehamia nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hakutaka mnyama hata samaki, basi Mheshimiwa akaletwa kwa babu na bibi, na msichana akawa anakuja kila Jumamosi kumtembelea. Kizimba alikitengeneza Fundi mwenyewe, alasiri moja, kwa mabaki ya wavu. "Hiki ni cha muda tu," alisema siku ile. Muda huo sasa ulikuwa na mwaka na nusu.

Hapa inabidi niseme jinsi Fundi alivyofanya kazi, la sivyo yaliyofuata mtayaona kuwa wazimu, na wazimu yalikuwa, ila ulikuwa na utaratibu wake. Fundi hakuweka sakafu mpaka mwenye nyumba asimame juu ya sampuli yake peku. Alikuwa akisema macho hudanganya, miguu haidanganyi. Angempangia mteja sampuli chini, akamvua viatu na soksi, awe meneja wa benki, awe bibi harusi, akamsimamisha juu ya kila moja huku yeye amepiga magoti pembeni anahesabu hadi mia, akiangalia vidole vya mteja vinakunjika au vinatulia. Mteja akipata ya moyo wake, aliandika kwa mkono wake katika daftari: Nimesimama, nimeridhika. Daftari za namna hiyo Fundi alikuwa nazo tisa, zimefungwa kwa kamba juu ya kabati, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na saruji tupu. Ilikuwa tupu siku aliyohamia na mkewe, na jikoni, mbele ya sinki pale mtu anaposimama kuosha vyombo, palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani. "Nitalishughulikia wiki ijayo," Fundi alisema mwaka ule wa kwanza. Mkewe akacheka, akamwambia mfinyanzi hulia gaeni. Mwaka wa pili alikumbusha. Mwaka wa tatu alikumbusha kwa ukali. Baadaye akanyamaza, na Fundi, kama wanaume wengi, akadhani kimya ni kuridhika.

Sasa mkewe alisikiliza habari za daktari huku anapanguza mikono. Akamchungulia Mheshimiwa, akampa pole, kisha akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo mke mdogo anawekewa sakafu," akasema.

"Si yeye, ni sungura."

"Sungura wa nani?"

"Wa mke mdogo."

"Nilitaka kusikia tu," akasema, akarudi jikoni. Mjukuu, anayejua utani wa bibi yake, akamfuata nyuma akisema, "Mke mwenzangu, usinune bwana, tutakualika uje uione." Wote wawili wakacheka huko jikoni. Fundi naye akacheka huku barazani, bila kujua ni kwa nini hakuna aliyemkaribisha.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye duka la vigae. Muuzaji alimjua siku nyingi.

"Karibu, Fundi! Leo tunapamba hoteli au benki?"

"Makazi."

"Vyumba vingapi?"

"Kimoja. Sentimita tisini kwa sitini."

Muuzaji akaacha kuandika. "Na choo?"

"Choo kimo humo humo."

"Wanaishi wangapi?"

"Mmoja. Ana kilo mbili na robo, hajavaa kiatu tangu azaliwe, na ana vidonda vya visigino. Nataka kigae kisichoteleza hata kikilowa."

"Pole yake jamani. Ni mzee sana?"

"Ana miaka miwili."

"Maskini, mtoto wa watu!" Muuzaji akashika kifua. "Wazazi wake wanasemaje?"

"Walishaliwa," Fundi akasema, akiwa ameinama anapapasa uso wa kigae.

Muuzaji alimfungia sampuli tatu za vigae vya ukumbi wa hospitali, akamfungulia mlango mwenyewe, na akabaki kizingitini akimwangalia mpaka alipopotea.

Nyumbani alikuta anangojwa na rafiki yake wa ujana, seremala mmoja mrefu aliyenyooka kama kamba ya kupimia ukuta, kiasi kwamba watu walimwita Timazi. Timazi alishakata ubao wa plaiwudi na kufunika wavu wote. Juu yake wakapanga vigae. Fundi akaweka pima maji, akachungulia, akasema mteremko unatakiwa uelekee kona ya choo, kiasi cha unene wa kucha. Wakaongeza kipande cha karatasi. Wakapima tena. Walichukua saa tatu kwa eneo ambalo mtu akilitandikia gazeti anamaliza kabla chai haijapoa. Kisha Fundi akafungua daftari la kumi, jipya, akaandika juu ya ukurasa: Mteja, Mheshimiwa.

Wakamweka. Mheshimiwa akasimama sawasawa hadi Fundi alipohesabu tatu. Kisha mguu mmoja wa nyuma ukaelekea mashariki, wa pili magharibi, na tumbo likaenda chini polepole.

"Mheshimiwa ameanguka," Timazi akatangaza.

"Naona."

Fundi aliandika: Amesimama hadi tatu. Hajaridhika.

Jumanne wakajaribu zulia, kipande kizuri kilichobaki kwenye ofisi ya wakili mmoja. Mheshimiwa alilipokea vizuri mno. Alilikanyaga, akalinusa, akalikaa, na walipokwenda kunywa chai akaila pembe yake yote. Mke wa Fundi ndiye aliyewaita. "Njooni muone, huyu haikanyagi sakafu, anaila." Wakalivuta nje mbio, wakakumbuka daktari alivyosema juu ya utumbo, na siku nzima iliyobaki wazee wawili waliojengea watu wa heshima walipiga magoti mbele ya kizimba wakichambua vidonge vya choo cha sungura kama watu wanaochambua mchele, wakisubiri nyuzi zitoke. Zilitoka jioni. Timazi alipiga makofi, kisha akaona aibu akayasitisha.

Jumatano ilikuwa zamu ya mpira. Haukuteleza, haukulika, ila mkojo ulijificha chini yake, na asubuhi miguu ya Mheshimiwa ilikuwa imelowa na kunuka. Alhamisi Timazi akaleta kwa mikono yake gunia zima la maranda, mabaki ya randa ya mbao nyekundu yenye harufu nzuri, mbao aliyotengenezea milango ya nyumba ya jaji. Mheshimiwa alipiga chafya kumi na moja mfululizo.

"Kumi na moja!" Timazi akasema. "Jaji mwenyewe hakupiga hata moja."

"Harufu ni kali kwa pua yake."

"Sungura wa hadithi alikuwa mjanja. Huyu wako ni mbishi tu, sizitaki mbichi hizi kila siku!" Akabeba gunia lake, akaondoka bila kuaga, amenyooka kuliko kawaida.

Ijumaa asubuhi Fundi alimtoa Mheshimiwa ampake dawa. Plaiwudi tupu ilikuwa imesaidia kidogo, kisigino cha kulia hakikuwa kibaya tena. Lakini cha kushoto kilikuwa kimetoka ukubwa wa kifungo cha shati na kufika ukubwa wa kifungo cha koti, na katikati palikuwa na kitu cheupe ambacho Fundi hakutaka kukiangalia mara mbili. Kesho ilikuwa Jumamosi. Kesho msichana angekuja, angeufunua mguu huo mwenyewe. Fundi aliogopa. Hakuwahi kuogopa mteja maishani mwake, wala majaji, wala wanajeshi, na sasa aliogopa uso wa mtoto wa miaka kumi.

Akamweka Mheshimiwa chini aende atakako, kwa kukata tamaa tu. Mheshimiwa akavuka baraza akichechemea, akavuka kigae, zulia na mpira vilivyokuwa vimeachwa ovyo, akaingia jikoni. Fundi akaenda kumtafuta. Alimkuta mbele ya sinki, amejilaza ubavu, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyemaliza zamu, juu ya kitu cha kahawia ambacho Fundi alikuwa amekiruka kila siku alipokwenda kunywa maji, bila kukiangalia hata siku moja.

Akamnyanyua, akamrudisha barazani. Mheshimiwa akarudi jikoni. Akamrudisha tena. Mheshimiwa akarudi tena, akajilaza pale pale. Mara ya tatu Fundi akaleta sampuli zote, akazipanga mlangoni mwa jikoni, akapiga magoti. Mheshimiwa akaziruka zote.

"Mteja ameamua," Fundi akasema.

Akakivuta kile kitu cha kahawia na kukikagua kama fundi. Kilikuwa kigodoro chembamba. Nje palikuwa na gunia lililofuliwa mara nyingi hadi likawa laini kama nguo ya zamani. Ndani zilikuwemo nyasi kavu, zimepangwa kwa upande mmoja, zinarudi juu ukizibonyeza. Mishono ilikuwa midogo, imefichwa kwa ndani, hakuna uzi uliochungulia. Na sehemu mbili, bega kwa bega, palikuwa na tabaka la ziada la kitambaa kinene cha bluu alichokitambua: yalikuwa magoti ya suruali zake za kazi, zile alizodhani zilitupwa.

"Unafanya nini na kitu changu?" mkewe aliuliza. Alikuwa ameingia na beseni la vyombo.

"Mama watoto! Hiki umekitengeneza lini?"

"Zamani. Hiki ni cha tano. Vya mwanzo vilichakaa."

"Ni kazi ya hali ya juu! Kinapumua, hakitelezi, hakina nyuzi! Unakikaushaje?"

"Kila siku naanika juani, nabadilisha nyasi." Akaangalia chini, pale kigodoro kilipokuwa. "Nakiweka hapo kwa sababu ya shimo."

Fundi naye akaangalia. Shimo lilikuwa pale pale, ila halikuwa tena la ukubwa wa sahani. Lilikuwa la ukubwa wa sinia, na kokoto zilikuwa zimetokeza. "Aa, hilo," akasema, kigodoro kwapani, macho yakimng'aa kwa furaha, "hilo nitalishughulikia wiki ijayo. Nikichukue?"

Mkewe akaweka beseni chini. Kwa kawaida alimwita baba watoto.

"Chukua, Fundi," akasema.

Fundi hakusikia chochote katika neno lile. Alikwisha kuwa barazani. Kigodoro kilikaa ndani ya kizimba kana kwamba kilikatiwa vipimo, na Mheshimiwa aliingia, akakizunguka mara moja, akajibwaga ubavu kwa kishindo. Fundi alihesabu hadi mia, akaendelea hadi mia tatu kwa sababu ya utamu tu. Kisha akaandika: Amesimama. Amelala. Ameridhika. Akaenda kwa Timazi kuomba radhi kwa niaba ya sungura, wakapatana.

Kesho yake msichana alipokuja alifunua mguu, akatazama kidonda kwa muda mrefu. "Hakitoi damu," akasema. Akapapasa kigodoro, akakitambua, akaenda jikoni. Fundi alisikia wananong'ona huko. Alidhani wanamsifu.

Wiki iliyofuata mke wa Fundi aliamka kila asubuhi, akatoa nyasi zilizolowa, akaweka kavu, akaanika gunia juani, akashona foronya ya pili ya kubadilishia. Hakuna aliyemwomba. Mguu wa Mheshimiwa ulikauka, ukafanya ukoko, ukoko ukaanza kuachia kando. Fundi alimweleza kila aliyepita njiani. Alimsimamisha hata mpita njia aliyekuwa anatafuta nyumba nyingine, akamwonyesha daftari.

Siku ya kumi na nne wakarudi kwa daktari, wakiwa na kizimba na kila kilichomo. Daktari alimgeuza mgonjwa, akafunua manyoya na kubonyeza. Msichana alishika ukosi wa gauni.

"Amepona," daktari akasema. "Manyoya yatarudi yenyewe. Mpeleke nyumbani, dada, na umpe kitu kizuri leo."

Msichana akapiga kelele, kisha akaanza kulia, akamkumbatia daktari kiunoni. Fundi akajifanya anakagua bawaba ya kizimba. Daktari alikuwa amechukua kigodoro, anakigeuzageuza chini ya taa.

"Kumbe kweli wewe ni fundi cherehani," akasema. "Mzee, samahani, siku ile nilifikiri umenidanganya. Mshono huu siupati hata kwa wanaoshona suti."

Fundi akaangalia dari tena. Dari halikuwa na msaada. "Si mimi," akasema. "Ni mke wangu. Mimi... mimi ni fundi wa sakafu."

Daktari hakucheka. Alikuwa bado anabonyeza zile sehemu mbili za kitambaa cha bluu. "Hapa katikati pamebonyea. Hizi ni nyayo za mtu. Mtu aliyesimama hapa kwa miaka, na anaumwa visigino, ndiyo maana ameongeza tabaka upande wa visigino tu." Akainua macho, na akauliza kwa wema kabisa, kama anavyouliza habari za mifugo. "Na yeye sasa anasimama wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Hakuwa amewahi kujiuliza.

"Kwenye shimo," msichana akasema.

Walirudi nyumbani. Fundi ndiye aliyebeba kizimba. Alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni, na akasimama mlangoni kama mgeni. Mkewe alikuwa anaosha sufuria, mgongo umemwelekea. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja akiusugua kwenye shavu la mguu aliosimamia, kisha akabadilisha. Akabadilisha tena. Kumbe alikuwa akibadilisha hivyo kwa siku nane, na mume wake alipita nyuma yake kila siku kwenda kunywa maji.

Akamletea kigodoro. "Amepona," akasema. "Kitu chako hiki."

"Mwachie mgonjwa. Ameshazoea."

Fundi akaondoka mbio. Aliteremsha daftari zote tisa kutoka juu ya kabati, akazipekua moja baada ya nyingine, vumbi likimpanda puani. Mameneja, maharusi, wakili, jaji, mwenye duka la dawa. Nimesimama, nimeridhika. Nimesimama, nimeridhika. Jina la mkewe halikuwemo popote. Katika daftari la kumi, kurasa nne za mwanzo zilikuwa za sungura.

Alirudi na sampuli alizobaki nazo, kumi na mbili kwa hesabu. Akazipanga sakafuni, kuzunguka shimo. Akapiga magoti, magoti yakalia.

"Vua ndala," akasema.

"Nina vyombo."

"Vua, tafadhali."

Mjukuu alikuwa mlangoni, amempakata Mheshimiwa. Mke wa Fundi alitazama mmoja baada ya mwingine, akatingisha kichwa, akavua. Akapanda juu ya sampuli ya kwanza. Fundi akainama kuangalia vidole, kama alivyofanya kwa wateja mia nne, na hapo ndipo alipoviona visigino vya mke wake. Vilikuwa vimepasuka mistari mirefu, na cha kushoto kilikuwa na kidonda. Si kikubwa. Kilikuwa kama kifungo cha shati.

Alisahau kuhesabu. Aibu ilimjaa hadi masikioni. "Kwa nini hukuniambia?" akasema.

"Nilikwambia. Miaka mitatu nilikwambia."

"Nisamehe."

"Hesabu, Fundi," mkewe akasema. "Umefika ngapi?"

Akahesabu. Alihesabu hadi mia mara kumi na mbili, na mkewe hakuharakisha hata moja. Alirudi kwenye ya nne, akaenda ya tisa, akarudi ya nne. Alifumba macho. Alimuuliza mke mwenzake maoni, na mke mwenzake akasema ya nne ni nzuri ila Mheshimiwa anapendelea ya tisa. Mwishowe alishuka, akavaa ndala, akachukua daftari na kalamu. Fundi alimkabidhi kwa mikono miwili.

Aliandika maneno mawili, akalifunga, akamrudishia, akarudi kwenye sufuria zake.

Fundi akafungua. Hakukuwa na nimesimama, wala nimeridhika. Kulikuwa na mwandiko mzuri, wa taratibu: Wiki ijayo.

Msichana alicheka mpaka ikabidi akalishwe chini. Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Alibaki pale chini, amezungukwa na sampuli. Jumapili nzima hakujua afanye nini. Alivunja saruji ya jikoni yote, akatoa kokoto kwa ndoo, ili hata akitaka kurudi nyuma kusiwe na mahali pa kurudia. Akatandika mbao za kupitia. Akapika yeye, vibaya. Mkewe alikula barazani miguu ikiwa juu ya kigodoro, upande mmoja yeye, upande wa pili Mheshimiwa, na hakusema lolote kuhusu sakafu.

Jumatatu kabla jua halijachomoza vizuri, Fundi alihisi mtu anamtikisa bega. Mkewe alikuwa amesimama kando ya kitanda, amekwisha kuvaa, mkononi ameshika mwiko wa saruji wa mumewe.

"Amka, baba watoto," akasema. "Wiki ijayo imefika. Nataka ile ya nne."